Mama Alipopimwa kwa Lugha Yake

Huanta,
Tarehe 9 Septemba, 2018.

Mpendwa mdogo wangu Rolando,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote wa hapa nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Loredana na mtoto. Mgongo wako unaendeleaje? Uliposema umehamishiwa kwenye kazi ya kukaa, nilishukuru. Usiwafiche wakubwa wako maumivu kama ulivyokuwa ukimficha baba.

Sisi hatujambo. Shemeji yako Hipólito ana kile kikohozi chake cha kila mwaka na anakataa chai ya majani ya muña kama mtoto. Miparachichi imezaa mpaka matawi yanainama. Huko juu Huayllapata mvua bado, lakini watu wameanza kulainisha ardhi.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu mimi na wewe hukatizana, na jambo hili ningependa ulisome polepole ukiwa umeketi, ukirudia pale utakapohitaji. Linamhusu mama, na linamhusu mjomba Eleuterio. Nikuombe kwanza usimlipe mtu yeyote wa Lima mpaka umalize kusoma.

Wewe ulikuwa mbali mambo yalipoanza, kwa hiyo nianzie mwanzo.

Tangu mke wa mjomba afariki, yeye na mama, dada yake, wamekuwa wakiishi pamoja kwenye nyumba ya babu. Ni mjomba aliyetupigia simu mwanzoni mwa mwaka. Alisema mama anasahau. Sufuria imeungua mpaka kitako kimetoboka. Zizi limeachwa wazi, kondoo wameingia kwenye shayiri ya jirani. Kitambulisho kimepotea, kikaonekana ndani ya gunia la mahindi. Mjomba alisema haya kwa huzuni, kwa ile sauti yake ya darasani, na mimi sikuwa na sababu ya kumshuku. Ni mwalimu, ndiye aliyetufundisha kusoma sisi sote. Nilipopanda kwenda kumuuliza mama, alinijibu neno moja tu: 'Basi nimezeeka.' Kisha akaendelea kusokota sufu.

Ndipo tulipompeleka kwenye ile kliniki ya Huamanga uliyotulipia. Daktari alikuwa mtu mpole, wa pwani, hajui Kikechua hata cha kuombea maji. Mjomba akajitolea kutafsiri. Mimi niliketi nyuma yao, na daktari akanionya kwa heshima kwamba ndugu hawaruhusiwi kusaidia, kwa hiyo nikafunga mdomo.

Daktari akauliza leo ni tarehe ngapi. Mama akasema, 'Mwambie ageuke, kalenda iko ukutani nyuma yake.' Mjomba akatafsiri: 'Anasema hajui.'

Akaambiwa atoe saba kwenye mia, kisha aendelee kutoa saba. Mama akauliza, 'Mia ya nini? Ya kondoo au ya viazi?' Mjomba akasema, 'Anachanganya mambo.'

Akaonyeshwa picha ya ngamia. Mama aliitazama sana, akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu. Akasema ni llama, mnyama wetu wa mizigo, lakini wamempakia mzigo mzito akiwa mdogo, ona mgongo ulivyoharibika. Hilo mjomba alilitafsiri sawasawa, na daktari akatikisa kichwa akaandika.

Halafu penseli. Rolando, mama hajawahi kushika penseli maisha yake yote. Aliishika kama anavyoshika mti wa kusokotea sufu, kwa vidole vitatu, akaizungusha. Alitakiwa kuchora saa ya ukutani. Kwetu saa ya ukutani iko wapi? Alichora duara, akaweka nukta katikati, akanigeukia kuniuliza kwa macho. Mimi nikatazama sakafu.

Cheti kilisema ugonjwa wa kusahau, na kwamba umeshafika mbali. Asiachwe na moto. Asitembee peke yake. Akapewa vidonge. Wewe na mimi tulilia kwenye simu siku ile, na katika kilio hicho ndipo lilipoanza wazo la kumpeleka kwa masista wa Lima, kwenye ile nyumba ya wazee, na ardhi ya Huayllapata ikodishwe. Sikulaumu. Mimi ndiye niliyesema ndiyo kabla hujamaliza kueleza.

Nilimleta hapa Huanta akae nami wakati tunasubiri nafasi. Hujui mama alivyokuwa siku zile, kwa hiyo nitakueleza. Viberiti nilivificha. Vidonge vilimfanya alale ameketi. Majirani, watu wazima wenye akili zao, walianza kusema naye kwa sauti ya juu na polepole kama mtu anayemlisha mtoto uji. Alikuwa akiniomba ruhusa kumenya viazi. Kila asubuhi aliniuliza, 'Jana nilisahau nini?' kwa sauti ya mtu anayeulizia kesi yake.

Siku moja alinitazama nikikanda unga wa mkate akasema, 'Hivi wewe ni mwanangu kweli, au nimekuokota sokoni?' Niliacha unga nikaenda kulia chooni. Baadaye sana ndipo aliponieleza kwamba alikuwa ananitania, kama alivyotutania tangu utotoni. 'Lakini,' alisema, 'tangu nilipopewa kile cheti, hakuna aliyecheka tena kwa mizaha yangu. Kila nikitania, mnaitana pembeni.'

Redio ndiyo iliyotuokoa. Katika kipindi cha Kikechua cha asubuhi walitangaza kwamba kundi la wataalamu wa kumbukumbu linazunguka wilayani, lina vipimo vilivyotengenezwa kwa ajili ya wazee wa huku milimani, kwa lugha yao, pamoja na wale ambao hawakusoma. Watakuwa kwenye ukumbi wa parokia. Mama alikuwa kwenye benchi lake, nami nilidhani amelala.

'Kumbe wanapima na kwa Kikechua,' alisema.

'Unataka kwenda, mama?'

'Nataka kujua kama bado nipo.'

Mjomba aliposikia, alishuka kutoka Huayllapata amevaa koti lake la sherehe, tayari kwa kazi. Mama alipomwona akacheka kwa mara ya kwanza baada ya miezi.

'Umevaa hivyo unaenda kuoa?'

'Naja kukutafsiria,' alisema mjomba.

'Kutoka lugha gani kwenda lugha gani, kaka?'

Aliyempima alikuwa msichana wa Andahuaylas, anaitwa Yeny Curi. Hakuanza na maswali. Alimpa mama chai, akamuuliza ni wa ukoo gani, alizaliwa upande gani wa mto, akamwacha na yeye aulize. Mama akamwambia, 'Watu wa kwenu mnaongea kama mnatafuna.' Yeny akasema, 'Na nyie mnaongea kama mmeshiba mkaacha kutafuna.' Hapo mama alivuta kiti karibu na meza.

Yeny hakumuuliza tarehe. Alimuuliza sasa ni wakati wa kazi gani shambani, na ni sikukuu gani imepita. Mama akasema ni wakati wa kutandaza viazi kwenye barafu ya usiku ili viwe chuño, viazi vikavu vya akiba, ingawa mwaka huu barafu imechelewa, na viazi vya mabonde haya vikitandazwa havigandi, vinaoza tu, ndiyo maana watu wa Huanta ni wavivu. Akataja sikukuu iliyopita, na iliyotangulia, na aliyelewa katika kila moja.

Badala ya penseli alipewa maharage ya rangi tofauti. Yeny alipanga safu kwa mpango wake, akaivuruga, akamwambia mama aipange upya. Vidole vya mama havikusita. Picha alizoonyeshwa zilikuwa za jembe, mbweha wa mlimani anayeiba kuku, jungu la kukaangia mahindi. Kisha Yeny akamsimulia kisa kifupi cha mwanamke aliyeenda mnadani kuuza kondoo jike, njiani daraja likawa limevunjika, akalala kwa shemeji yake, akarudi na blanketi la kijani badala ya pesa. Wakaongea mambo mengine, kisha akamwomba mama akisimulie. Mama akakisimulia chote mpaka rangi ya blanketi, akaongeza kwamba mwanamke yule alipunjwa, na kwamba shemeji mtu lazima ana mkono wake.

Nilikuwa nimeketi nyuma yake tena, kama kule kliniki. Safari hii ilinibidi nijifunge shali mdomoni nisicheke wala nisilie.

Yeny akaweka vitu vyake kando. Akasema, 'Mama Fortunata, wewe unasahau kama mtu yeyote wa umri wako anavyosahau. Ugonjwa huo siuoni hapa.' Mjomba alikuwa ametoka kutafuta choo. Yeny akatazama zile karatasi za kliniki nilizomletea, akauliza taratibu, 'Sasa hiyo sufuria, nani aliiunguza?'

'Mimi,' mama alisema.

'Ulikuwa unapika nini?'

'Supu ya ngano.'

'Ukaenda wapi?'

'Nilikuwa kwa jirani yangu Fausta, tumemzika mumewe siku ile, nimekesha huko na…'

Akavua kofia yake, akaishika magotini, akawa anapitisha kidole kwenye ukingo wake. Nami ndipo nilipokumbuka kwamba nilikuwepo kwenye maziko yale, na mama alikuwa kando yangu tangu asubuhi mpaka giza. Mjomba peke yake ndiye aliyebaki nyumbani.

'Na zizi?' nilimuuliza. 'Na kitambulisho?'

'Nélida, usimwambie,' alisema. 'Hajui. Akikuta kitu kimeharibika anadhani ni mimi, maana hakumbuki kama alikigusa. Nikaona bora iwe mimi. Watu wakisema Fortunata amechanganyikiwa, watasema maskini mzee wa watu, na kesho watazungumza habari nyingine. Wakisema mwalimu amechanganyikiwa, watakuja kuchungulia dirishani. Mimi hakuna aliyewahi kunidhania nina akili. Sina cha kupoteza.'

Rolando, unajua kwamba babu alikuwa na uwezo wa kumsomesha mtoto mmoja tu, na kwamba mama alichunga kondoo ili mjomba aende shule. Alituambia hivyo tangu zamani, bila uchungu, kama mtu anayesema mto unapita wapi. Lakini sikujua kwamba bado anamchungia kondoo wake.

Yeny hakumkemea. Alimwambia tu, 'Mama, ukimficha, na yeye hatatibiwa.' Mama akavaa tena kofia yake. Kisha akasema, 'Basi niachieni mimi nimwite.'

Tulimkuta mjomba uani, ameketi kwenye ukuta mfupi karibu na bomba, kofia magotini. Aliniuliza tumekuja kumtembelea padri gani. Mama akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

'Kaka, njoo na wewe. Binti anapima bure na mimi nimeshamaliza. Au unaogopa kushindwa na mtu asiyejua kusoma?'

'Mimi, kushindwa?' alisema mjomba, akainuka.

Alitaka apimwe kwa Kihispania, na Yeny akakubali. Tarehe aliitaja pamoja na mwaka wa uhuru wa nchi. Saba kwenye mia alizitoa haraka kuliko mimi ninavyohesabu chenji. Saa aliyoichora ungeweza kuitundika ukutani. Kama kila kipimo kingeishia hapo, mjomba angepewa cheti cha uzima na mama angepanda basi la Lima.

Lakini Yeny akamsimulia kile kisa. Muda ulipopita akamwomba akisimulie, mjomba akaanza vizuri sana, kwa mikono yake yote miwili, hadithi ya shule yake ya kwanza, paa la nyasi, wanafunzi waliokuja na kuni. Yeny akamrudisha taratibu: na yule mwanamke wa mnadani? Mjomba akatabasamu kwa adabu. 'Mwanamke yupi, binti?' Kisha akatusimulia tena shule ya paa la nyasi, kwa maneno yaleyale.

Mama alikuwa ameketi kando ya ukuta. Hakumsaidia hata neno, ingawa niliona midomo yake ikitembea.

Yeny alinieleza baadaye, nami nakueleza kama nilivyoelewa. Vipimo vingi vimetungwa na watu wa shule kwa ajili ya watu wa shule. Asiyesoma huanguka pale ambapo haumwi, na aliyesoma sana huvuka pale ambapo anaumwa, kwa sababu mazoea ya miaka yake yote yanamshika mkono. Alisema hata kipimo chake si cha kuaminiwa peke yake, kwa hiyo akamwandikia mjomba aende hospitali kupimwa damu na kupigwa picha ya kichwa. Tumekwenda. Ni kweli anao ugonjwa huo, ila bado uko mwanzoni. Yapo ya kufanya, na yapo ambayo hayazuiliki.

Yule daktari wa Huamanga nilimpelekea majibu ya mama. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kugombana. Akasoma, akarudi juu akasoma tena, akasema vidonge viachwe na kwamba amekosea kumpima mtu kwa mdomo wa mtu mwingine. Akaomba namba ya Yeny. Sikupata wa kugombana naye, nikarudi na ule ugomvi wangu ndani ya basi.

Sasa nikuambie lililonishinda. Mjomba tulimweleza sisi wenyewe, jikoni kwangu, mama na mimi. Alisikiliza akitazama meza. Aliuliza maswali mazuri, ya mwalimu: itachukua muda gani, ataanza kupoteza nini. Kisha akamgeukia mama, akasema, 'Fortunata, ile sufuria nilikuwa mimi?'

'Ilikuwa sufuria kuukuu,' mama alisema.

'Na wewe ukaacha wakuite mwendawazimu.'

'Nimeitwa mengi. Kula, supu inapoa.'

Mjomba hakula. Alichukua mkono wa mama akauweka juu ya kichwa chake mwenyewe, kama watoto wanavyobarikiwa, akakaa hivyo. Hipólito, aliyekuwa mlangoni, akatoka nje akidai anakohoa.

Wamerudi Huayllapata wote wawili. Mama ndiye anayewasha moto, na viberiti vinakaa kwenye mfuko wa sketi yake. Lango la zizi tumelifunga kwa waya ambao mjomba hana subira nao. Mimi hupanda kila Jumapili, na Fausta huchungulia siku nyingine. Watu kijijini wamejua, maana hakuna kisichojulikana kule, lakini hawakuja kuchungulia dirishani kama mama alivyoogopa. Wanafunzi wake wa zamani, wazee sasa, hupita jioni na kuketi naye. Wanasikiliza shule ya paa la nyasi. Baadhi yao ndio walioleta zile kuni.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili. Kwanza, waandikie masista uwashukuru, uwaambie nafasi ile wampe mtu mwingine. Na usifikirie kumpeleka mjomba badala ya mama, kwa maana nilimdokezea mama kidogo tu akanijibu: 'Huko Lima nani atamwelewa akianza kusahau Kihispania? Alinitafsiria vibaya, ni kweli. Mimi nitamtafsiria vizuri.' Tusiliongelee tena.

Pili, mpigie mjomba simu mara kwa mara. Asubuhi ndiyo saa yake nzuri. Usimuulize amekula nini jana. Muulize ya zamani, na akikuuliza jambo mara mbili, mjibu mara mbili kwa sauti ileile. Mama amenifundisha hivyo.

Mama anakusalimu. Nimemsomea barua hii yote kwa Kikechua, amesahihisha mahali pawili, na anasema usijilaumu kwa mambo ya Lima kwa sababu ulikuwa unampenda kwa upande usiofaa, ila ni kupenda vilevile. Anauliza kama mtoto ameota meno, na kama wifi anajua kusokota. Hipólito anakusalimu. Fausta naye, na watoto wangu wote. Tusalimie Loredana kwa upole, mwambie siku akija hapa hatapimwa chochote.

Mungu akufunike huko ugenini, akupe kazi isiyokuumiza na usingizi mzuri, na akurudishe kwetu tukiwa bado tunatambuana.

Ni mimi dadako ninayekupenda na kukukumbuka,

Nélida.

Mjomba yuko hapa leo, ameomba kalamu akuandikie mwenyewe. Sijambadilishia kitu:

'Mpwa wangu Rolando. Dada yako ananiambia umekwenda mbali kusoma. Nimefurahi sana. Kaa mbele darasani, na usione haya kuuliza. Ukiona baridi, vaa koti langu, nimemwambia Fortunata alifunge kwenye mzigo wako. Likizo ikifika nitakungoja kituoni, hata basi likichelewa. Mjomba wako, mwalimu Eleuterio Sulca.'